Kiwiko Kwenye Jalada

“Hiki ni nini?” niliuliza.

“Kiwiko,” mchumba wangu alijibu bila kuinua macho.

“Cha nani?”

“Chako.”

Niliinamia kioo cha kompyuta mpaka pua yangu ikakaribia kukigusa. Kweli, kilikuwa kiwiko. Kilikaa pembeni kabisa, chini kushoto, kimefifia kama kitu kilichopita mbele ya kamera kwa bahati mbaya. Jalada lote lililobaki lilikuwa la dada yangu.

“Mimi ndiye mwimbaji wa bendi,” nikasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. “Jarida la muziki wa roki linatimiza miaka kumi. Bendi yetu ndiyo imechaguliwa kukaa mbele. Halafu mchumba wangu mwenyewe ananiweka kiwiko?”

“Ni kiwiko kizuri. Nimekitazama siku tatu.”

“Unanitania.”

“Sikutanii. Kaa chini.”

Nikakaa, lakini kwa hasira. Nilikalia kiti kile kama vile kiti ndicho kilichonikosea.

Jukwaani naitwa Radi kwa sababu ya sauti yangu. Yeye kazini wanamwita Wino, maana hakuna siku utakayomkuta vidole vyake havina alama ya kalamu. Kazi yake ni kupanga kurasa za jarida: picha ikae wapi, maneno yawe makubwa kiasi gani, nafasi gani iachwe tupu ili jicho lipumzike. Ofisi yao iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Ina meza nne, feni moja inayolalamika, na ukuta mzima uliobandikwa kurasa za toleo linaloandaliwa. Tulikuwa tumebakiza wiki sita tufunge ndoa.

Wino aligeuza kioo kunielekea.

“Angalia. Macho ya msomaji yataanzia hapa, kwenye kijiti cha ngoma. Kimeinuka mpaka kimeikata herufi ya pili ya jina la jarida. Kutoka kwenye kijiti macho yanateremka na mkono, yanafika usoni kwa wifi. Yakifika pale hayatoki. Jaribu.”

Nikajaribu. Sikutaka kukubali, lakini ndivyo ilivyokuwa. Dada alikuwa ameinua mikono yote miwili, jasho limesimama juu ya nyusi, mdomo umefunguka kidogo. Picha nzima ilikuwa nyeusi na nyeupe, isipokuwa jina la jarida lililowaka rangi ya chungwa. Kwa miaka kumi na miwili nimeimba mbele ya mwanamke yule na sikuwahi kuuona uso wake akiwa anapiga. Ningeuonaje? Nilikuwa nimempa mgongo.

“Na mimi?” nikauliza.

“Wewe ndiwe unayetuambia kwamba yeye yuko nyuma. Nikikiondoa kiwiko, hii inakuwa picha ya mwanamke anayepiga ngoma tu. Kikiwepo, ni picha ya mwanamke ambaye siku zote kuna mtu amesimama mbele yake.”

“Kwa hiyo mimi ni kizuizi.”

“Sikusema hivyo.”

“Umenichora hivyo!”

Msahihishaji wa meza ya pili akajifanya kutafuta kitu chini ya meza. Wino hakupandisha sauti. Huwa hapandishi.

“Radi, picha zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Zako ni zaidi ya mia mbili, na ni nzuri. Lakini zote nimeshawahi kuziona, kwenye kila bango la bendi yenu. Hii sijaiona popote.”

“Badilisha. Kwa ajili yangu.”

“Hapa kazini sina mchumba. Nina mhariri na nina msomaji.”

“Na nyumbani?”

“Nyumbani tutakula, tutacheka, na jalada litabaki hivi hivi.”

Akarudi kwenye kazi yake. Nikaondoka bila kuaga.

Sitakuwa mkweli nikisema niliumia kwa sababu ya sanaa. Niliumia kwa sababu nilishatangaza. Kinyozi alijua, jirani alijua, na mama yangu alishapangusa ukuta wa sebuleni akaacha nafasi katikati ya mabango mengine, yote yenye sura yangu. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nilijiuliza nitawaambia nini. Kwamba niko pale pale, ila watazame chini kushoto?

Kesho yake asubuhi Wino alikwenda kiwanda cha uchapaji kukagua karatasi. Nilijua atakuwa huko mpaka mchana. Nikapanda ngazi za ofisi yao, nikagonga mlango wa mhariri.

Mhariri ni mtu mzima wa miwani mizito, na waandishi wake humwita Mzee wa Nukta, kwa sababu hawezi kuvumilia sentensi isiyofungwa. Alinikaribisha kwa furaha.

“Bwana harusi! Umeliona jalada?”

“Nimeliona, mzee. Ndilo lililonileta.” Nikashusha pumzi kama mwenye habari nzito. “Dada hajaridhika.”

“Hajaridhika? Kwa nini?”

“Unajua yeye ni mtu wa haya. Hataki uso wake kwenye kila duka la magazeti. Amesema afadhali nikae mimi, kama kawaida. Vinginevyo bendi itaomba picha zake zote zirudishwe.”

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Amesema hivyo mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Basi,” akasema. “Siwezi kumweka mtu mbele kwa nguvu. Lakini nimefanya kazi hii miaka thelathini, kijana, na jalada kama lile sijaliona mara tatu.”

Nilitoka pale nikiwa nimepata nilichokitaka, nikashuka ngazi mbili mbili kabla mtu hajaniuliza kitu.

Wino aliniambia jioni ile ile kwa simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa lakini anayejikaza.

“Wifi amekataa jalada.”

“Ah! Pole.”

“Simlaumu. Kosa langu, nilipaswa kumwonyesha kwanza. Mhariri amesema nikuweke wewe mbele, na ndani pia. Yale mahojiano ya wifi ya kurasa mbili za katikati niyapunguze yawe robo ukurasa.”

“Utafanya?”

“Ndiyo kazi yangu. Uso ni wake. Kama hataki uwe pale, hataki.”

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Nafasi ilikuwepo, pana kama mlango wa kanisa. Nikasema, “Usijali, litapendeza tu.”

Akafanya kazi siku mbili. Alibomoa kwa mikono yake mwenyewe kitu alichokijenga kwa wiki tatu, akapanga kingine, akakikabidhi kwa wakati. Aliponionyesha nilijiona mkubwa, mdomo wazi, kipaza sauti mkononi. Lilikuwa jalada safi, halina kasoro hata moja. Nililitazama mara moja, nikajua hata mimi mwenyewe nisingelinunua.

Alhamisi mchana, faili likiwa limeshapelekwa kiwandani, Wino alimpigia dada yangu. Haya nilisimuliwa baadaye na wote wawili, na hayatofautiani hata neno.

“Wifi, samahani sana.”

“Ya nini tena, wifi yangu?”

“Ya jalada. Sikujua ungekwazika. Ningekuuliza kwanza.”

Dada ni fundi wa kushona viti vya magari. Nyuma ya sauti yake cherehani kubwa ilikuwa ikinguruma, kisha ikanyamaza.

“Ningekwazika na jalada gani?”

“Lile lako. Ulilolikataa.”

“Wifi,” dada akasema taratibu, “mimi hakuna mtu aliyeniuliza chochote.”

Dakika kumi baadaye simu yangu ilitetemeka mezani. Ulikuwa ujumbe.

*Wifi hajui lolote kuhusu jalada. Nimemuuliza Mhariri. Anasema aliyekwenda kusema ni wewe. Ni wewe?*

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. *Nitakuelezea tukionana.*

*Swali lilikuwa la ndiyo au hapana.*

Nilikaa na ile simu mkononi mpaka kioo chake kikazima. Nikakiwasha. *Ndiyo.*

Aliyekuja kwanza alikuwa dada. Alikuja na aproni yake ya kazi, ina gundi iliyokauka kifuani. Alikataa kiti. Alisimama mlangoni.

“Mimi nilikataa lini?” akauliza.

Niliigeuza simu kifudifudi mezani.

“Nakuuliza ili nijue. Labda nilisema nikiwa usingizini.”

“Dada…”

“Miaka kumi na miwili sijawahi kuomba kuwa kwenye bango. Ningeweza kuomba, sikuomba, maana uliyapenda mabango yako na mimi nilipenda kupiga. Lakini kukaa kimya ni kitu kimoja, mdogo wangu, na mtu kunisemea ni kitu kingine.”

“Nisamehe.”

“Jumamosi kuna mazoezi saa nne,” akasema. “Usichelewe.”

Akaondoka. Angenipiga kofi ningepona haraka zaidi.

Wino alikuja jioni kabla jua halijazama. Naye hakukaa. Aliweka pete juu ya meza, karibu na sahani yangu, kwa utaratibu ule ule anaoutumia kuweka picha kwenye ukurasa.

“Unaivunja ndoa kwa sababu ya kiwiko?” nikauliza. Mdomo wangu ulikuwa bado haujapata akili.

“Kiwiko tungekicheka mpaka uzeeni,” akasema. “Narudisha pete kwa sababu nilikupigia simu nikiwa nimevunjika, nikakuambia kosa ni langu, na wewe ukasikiliza ukaniambia litapendeza.”

“Niliogopa.”

“Najua. Mtu akiogopa huwa mkweli au huwa mwongo. Wewe nimekuona ulivyokuwa.”

“Niambie nifanye nini.”

“Mimi si mama yako, Radi.”

Usiku sikulala, na hakuna haja ya kuusimulia. Kulipokucha nilikuwa nimeshakaa kwenye ngazi za ofisi ya jarida, namsubiri Mzee wa Nukta na mkoba wake. Nilimwambia yote pale pale ngazini, hata kabla hajatoa funguo.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Weka nukta, basi. Usianze kuniongezea visababu.” Akafungua mlango. “Mtambo unawashwa saa nane mchana. Sasa ni saa mbili. Jalada lako limeshatengenezewa bamba la kuchapia. Kurasa za ndani bado.”

“Linaweza kurudi lile jalada la kwanza?”

“Bamba la jalada litatupwa, litakatwa jingine. Hilo nitalibeba mimi, maana nami sikumuuliza mwenye uso. Lakini faili la zamani analo Wino peke yake, na zile kurasa mbili za katikati lazima azipange upya, kwa sababu matangazo yamehama. Atakuja?”

“Kwangu hatakuja.”

“Nani amesema kwako?”

Akampigia kwanza dada yangu, kisha Wino, nikiwa nimesimama. Nilisikia upande wake tu. “Ndiyo. Amekiri. Ndiyo, lile la kwanza. Wifi yako nimeshazungumza naye sasa hivi, amekubali, amecheka. Kiwandani, saa nne.” Akakata simu, akanitazama juu ya miwani. “Nenda ukabebe kompyuta yake. Angalau mikono yako itumike.”

Kiwanda cha uchapaji kina harufu ya wino na mashine iliyopata moto. Kwenye kijichumba cha vioo pembeni ya mtambo walitupatia meza. Fundi mitambo, mzee mwenye masikio yaliyozibwa kwa pamba, alituonyesha saa ya ukutani bila kusema neno.

Wino hakunisalimu. Alivua saa yake ya mkononi, akaiweka pembeni, akaanza.

Nimekuwa mchumba wa mwanamke huyu miaka miwili na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akifanya kazi. Nilishawahi kuwa chumbani akiwa kazini, lakini nilikuwa naongea, nikimsimulia onyesho langu la jana. Siku ile dhamira yangu mwenyewe ilinikataza kuongea, nikabaki na macho.

Alichukua picha ya pili ya dada, ile ya mikono tu, imeshika vijiti, kovu la sindano ya cherehani likionekana kwenye kidole gumba. Akaitandaza kwenye kurasa zote mbili. Akaisogeza. Akaitazama. Akaisogeza tena, safari hii kwa upana wa unywele.

“Kwa nini?” nikathubutu.

Aliendelea kuisogeza picha. Kisha kazi ikamshinda kuinyamazia.

“Mkunjo wa katikati. Ulikuwa unapita juu ya kidole. Jarida likifunguliwa, kidole kingekatika. Sasa unapita hapa, kati ya mkono na mkono. Mkunjo utakuwa pumzi.”

Akateremsha maandishi. Hakuyajaza. Upande wa kulia aliacha nafasi nyeupe pana, mahali ambapo mtu mwingine angebandika picha tano. Kichwa cha habari akakipanga kwa herufi nene, moja kubwa, mbili ndogo, moja kubwa, mbili ndogo. Nilizitazama mpaka mguu wangu ukaanza kugonga sakafu wenyewe. Ulikuwa mdundo wa wimbo wetu wa kwanza. Alikuwa ameupiga kwa herufi.

Nikamtazama yeye. Nywele amezifunga kwa kalamu, tone la jasho linateremka shingoni, mdomo umefunguka kidogo. Nikawaza kwamba nimeishi katikati ya wanawake wawili mafundi, na wote nimewapa mgongo.

“Saa saba na nusu,” fundi mitambo akapaza sauti.

“Nahitaji mtu wa kusoma,” Wino akasema. “Msahihishaji hayupo. Soma kwa sauti, mimi nafuatilia kwenye kioo. Neno likiruka, niambie.”

Akanisukumia karatasi ya mahojiano. Ilikuwa imetulia kwenye meza yake tangu mwanzo wa mwezi. Sikuwahi kuisoma. Nilisoma jalada tu.

Nikaanza.

“‘Watu huniuliza nilianzaje ngoma. Nilianza kwa sababu ya mdogo wangu. Alipokuwa na miaka tisa alikuwa na kigugumizi kikali. Akifungua mdomo wenzake wanacheka, mwisho akaacha kusema kabisa. Siku moja tukiwa mezani nikawa nagonga vidole ovyo, yeye akaniomba maji. Sentensi nzima, haikukwama. Nikagonga tena, akasema tena…’”

Nikaacha kusoma. Wino hakugeuka.

“Endelea.”

“‘Basi nikawa namgongea kila siku. Meza, ndoo, mlango. Akipata mdundo, maneno yanatoka. Nikatafuta ngoma ili a… ili a…’”

Halikutoka. Miaka ishirini na minne nilidhani nimekizika kitu kile, na sasa kilikuwa kimenikaba koo kwenye chumba cha vioo, mbele ya mwanamke niliyempoteza. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Macho yakajaa.

Ndipo nikasikia. *Tak. Tak-tak. Tak.* Wino alikuwa anagonga meza kwa ncha ya kalamu, taratibu, macho bado kwenye kioo.

“‘…ili aimbe,’” nikasema. “‘Huniuliza pia kama sichukii kukaa nyuma. Nichukie nini? Nikiwa nyuma namwona mabega. Naona kama anapumua vizuri. Siku akikwama, hakuna atakayejua isipokuwa mimi, na mimi nitakuwa nimeshagonga.’”

Mahojiano yaliishia hapo. Mtambo nje ulikuwa kimya ukisubiri.

“Ulijua?” nikamuuliza.

“Nilipanga ukurasa huu wiki tatu, Radi. Kila siku nilikuwa nasubiri uniambie umeusoma.”

“Kile kiwiko…”

“Neno lolote limeruka?”

“Hapana.”

“Basi tunakabidhi.”

Saa nane kasoro dakika nne faili lilifika. Fundi mitambo akakata bamba, akalifunga, akawasha. Karatasi ya kwanza ilipotoka aliiinua kwenye mwanga, akazibua pamba ya sikio moja kama mtu anayetaka kusikiliza picha.

“Hii nani kaipanga?”

Nikamnyooshea Wino kidole. Mzee akamtazama, akamtazama tena.

“Binti, nimechapa majarida tangu hujazaliwa. Hii ina sauti.”

Wino akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akachukua kompyuta yake na kuondoka, na tabasamu lile halikuwa langu.

Jumamosi nilifika mazoezini saa tatu na nusu. Mbele ya dada na wenzetu wawili, wa gitaa na wa besi, nilieleza nilichofanya, mwanzo mpaka mwisho. Nilikwama mara mbili. Dada alinisubiri. Wa besi akatikisa kichwa, wa gitaa akatazama viatu vyake.

“Umemaliza?” dada akauliza.

“Nimemaliza.”

“Sikuwa nakudai machozi. Futa uso.” Akashika vijiti. “Na safari hii simama pembeni kidogo. Nami nataka kuwaona watu.”

Toleo lile liliisha madukani siku tano. Nilimpelekea dada nakala yake karakana. Aliosha mikono mara mbili kabla ya kuishika. Alitazama jalada, akafungua katikati, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyotandazwa kurasa mbili. Mteja alikuwa akilalamika kuhusu kiti chake. “Subiri, ndugu yangu,” dada akamwambia, macho bado kwenye ukurasa. “Kiti hakikimbii.”

Mama naye alipiga simu. “Mwanangu, nimeteremsha mabango matatu. Hukuniambia kama dada yako ni mzuri hivi akiwa kazini.”

“Sikujua, mama.”

“Hata mimi,” akasema. “Tumefanana ujinga.”

Wino tu ndiye aliyebaki kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Tarehe ya ndoa ikapita kama siku nyingine yoyote. Dada ndiye aliyemfuata ofisini.

“Wifi, mimi nimeshamsamehe. Wewe unamwekea kinyongo cha nani?”

“Changu, wifi.”

“Ameomba radhi kila mahali!”

“Kila mahali. Mpaka kwa fundi mitambo. Kwangu bado.”

Dada aliniletea maneno hayo bila kuyaongezea chumvi. Nikafikiri siku nzima. Ilikuwa kweli. Nilimtumia Wino jumbe arobaini nikimwomba msamaha, na zote zilikuwa za dada: nimemkosea dada, nimemnyima dada, nimemsemea dada.

Nilikwenda saa ya chakula cha mchana. Alikuwa peke yake, anabandika kurasa za toleo jipya ukutani. Sikupeleka ua wala zawadi.

“Nilikufanya uharibu kazi yako kwa mikono yako mwenyewe,” nikasema. “Kazi bora uliyowahi kuifanya. Na ulipoumia nikakuacha uamini kwamba hukujua kuuliza. Hilo nilikufanyia wewe, siyo dada. Nalijutia.”

Akabaki amepanda juu ya kiti, pini mdomoni. Akaitoa.

“Ulichukua muda.”

“Mimi ni mzito wa kusoma. Huanza na jalada.”

Alicheka. Hakutaka, lakini kilimtoka, akajishika ukutani asidondoke.

“Ukinidanganya tena, Radi…”

“Sitakudanganya.”

“Sijamaliza. Ukinidanganya tena sitarudisha pete. Nitaichapa habari yako kurasa mbili, na mkunjo nitaupitisha usoni.”

“Nimekubali.”

“Njoo unishikie hiki kiti, basi. Kinayumba.”

Nikakishika. Tulibandika kurasa mpaka wenzake waliporudi kutoka kula, na walipotukuta hawakuuliza kitu, ila feni tu ndiyo iliyoendelea kulalamika.

Tulifunga ndoa miezi miwili baadaye, asubuhi ya siku ya kazi, kwenye ofisi ya msajili. Mzee wa Nukta alisimama upande wa bibi harusi, dada upande wangu kama shahidi. Mama alikaa mstari wa mbele akilia kabla hata hajaulizwa mtu swali.

Msajili, mama wa makamo mwenye sauti kavu, alitusomea tulichotakiwa kusomewa. Wino akasema ndiyo. Nami nikasema ndiyo, sikukwama.

“Shahidi,” msajili akamwita dada. “Sahihi yako hapa.”

Dada akatia sahihi. Msajili akaitazama, akamtazama usoni, ukavu wote ukamtoka. Akafungua droo, akatoa jarida lililochakaa pembe.

“Na nyingine hapa, tafadhali. Binti yangu ameanza ngoma kwa sababu yako. Hatulali nyumba nzima.”

Ukumbi ukacheka. Dada, aliyekuwa hajui aweke wapi uso wake, akatia sahihi. Msajili akalirudisha jarida kwenye droo kwa uangalifu, kisha akakumbuka kazi iliyomweka pale. Akanigeukia mimi.

“Samahani, bwana harusi. Na wewe unashughulika na nini?”

Nilimtazama mke wangu, nikamtazama dada yangu.

“Naimba,” nikasema. “Kwenye bendi yake.”